Fegi moja moja na kifo cha Eric Garner

Julai 17, 2014, Staten Island, New York. Makarao wanamkamata Eric Garner, baba wa watoto sita, ati anauza sigara moja moja. Mmoja anamkaba shingo. Garner anasema mara 11 kwamba hawezi kupumua. Anakufa.

Sasa wasee, fegi inakuwaje kesi ya polisi? Kodi. Pakiti moja jijini humo ilibeba kodi ya dola 5.85. Nia ilikuwa kuokoa mapafu, biashara ikahamia kando ya barabara. Kama umewahi kuuza kitu ukiangalia kanjo, hii picha unaijua.

Ndiyo maana suala la mentholi liligawanya Wamarekani weusi wenyewe. Mwaka 2009 sheria ilipiga marufuku ladha nyingine za sigara, ikaacha mentholi, ile ile ambayo kampuni zilisukuma kwenye mitaa ya weusi kwa miaka, hata kwa kugawa za bure. FDA ilipopendekeza kuimaliza 2022, NAACP iliunga mkono. Al Sharpton alikuwa upande wa pili, na ndiyo, shirika lake lilikuwa limepokea pesa za kampuni ya sigara. Lakini Gwen Carr, mamake Garner, naye alionya. Huyo utamwambia amenunuliwa?

FDA ilisema itabana watengenezaji na wauzaji, si wavutaji. Sawa, lakini karao wa mtaani haajiriwi na FDA. Pendekezo liliondolewa Januari 2025. Mentholi bado inauzwa, na bado inaua.