Historia ya Safari za Zuhura na Swali la Maji Yaliyopotea

Zuhura, sayari inayong'aa kabla ya mapambazuko au baada ya machweo, inakaribia kulingana na Dunia kwa ukubwa, kwani kipenyo chake ni kilomita 12,104, yaani asilimia 95 ya kipenyo cha Dunia. Kwa sababu ya mfanano huo, na kwa kuwa mawingu mazito huuficha uso wake usionekane kwa darubini, wataalamu wa zamani waliukisia tu. Mwaka 1918 mkemia wa Sweden, Svante Arrhenius, aliandika kwamba sehemu kubwa ya sayari hiyo imejaa vinamasi.

Dhana hiyo ilivunjwa na vipimo. Mwaka 1956 mawimbi ya redio yatokayo Zuhura yaliashiria joto kali mno, na tarehe 14 Desemba 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kilichokuwa cha kwanza kuifikia sayari nyingine na kutuma taarifa zake, kilionyesha kwamba joto hilo linatoka chini kabisa, wala si katika tabaka za juu za angahewa, yaani gesi zinazoizunguka sayari. Mwaka 1967 Venera 4 ya Umoja wa Kisovyeti iliingia ndani ya angahewa hiyo na kukuta kwamba karibu yote ni hewa ya ukaa, na tarehe 15 Desemba 1970 Venera 7 ilitua na kutuma ishara kwa dakika 23, kutoka mahali penye joto la kuyeyusha madini ya risasi na mgandamizo wa hewa unaofikia takriban mara 90 ya ule wa usawa wa bahari duniani.

Chanzo cha hali hiyo ni hewa ya ukaa yenyewe, ambayo huupitisha mwanga wa jua lakini huzuia joto lisirudi angani. Ama kuhusu maji, mwaka 1978 vyombo vya Pioneer Venus viligundua kwamba uwiano wa duteri, yaani haidrojeni nzito, na haidrojeni ya kawaida unazidi mara 100 ule wa Dunia. Na kwa kuwa haidrojeni nyepesi ndiyo hutoroka angani kwa urahisi zaidi, wingi huo wa duteri ni alama ya maji yaliyopotea. Ikiwa maji hayo yaliwahi kuwa bahari, au yalibaki mvuke tangu mwanzo, ni jambo ambalo wanasayansi wangali wakilijadili.

Rada ya chombo cha Magellan, iliyopenya mawingu na kuchora asilimia 98 ya uso kati ya 1990 na 1992, iliacha hazina isiyokwisha upesi, kwani mwaka 2023 watafiti walioipitia upya walionyesha kwamba tundu moja la volkano katika mlima Maat Mons lilibadilika umbo kati ya Februari na Oktoba 1991, dalili kwamba sayari hiyo ingali hai.

Mwaka 2021 safari tatu mpya, DAVINCI na VERITAS za Marekani pamoja na EnVision ya Ulaya, ziliteuliwa kuyafuata maswali haya. Zinastahili kutimizwa, kwa kuwa sayansi haiwezi kudai inajua kwa nini Dunia ilibaki na bahari zake pasipo kujua kwa nini jirani yake amekauka.