Mafundi wa Cheche: Koili katika Gereji za Temeke na Kinondoni

Katika kazi zote zifanywazo chini ya miembe na mabati ya Keko, Chang'ombe, Magomeni na Mwananyamala, ni chache zilizodai subira na akili kama ile ya kutafuta cheche iliyopotea. Na ingawa habari za Dar es Salaam zimeandikwa kwa mapana kuhusu bandari, reli na siasa, walioandika habari za gereji ni wachache, akiwamo Joshua Grace, ambaye kitabu chake African Motors, cha mwaka 2021, kiliwapa mafundi wa Tanzania nafasi katika historia waliyoistahili tangu zamani. Nia yangu ni kufuata chombo kimoja tu, nacho ni koili, kwa sababu mkondo wake waonyesha bayana kwamba dhiki ndiyo iliyowafundisha mafundi wetu kupima kabla ya kuhukumu, neema ikawasahaulisha, na injini ya tabo ikawarudisha chuoni.

Koili yenyewe si kitu kigumu kueleza. Waya mnene wenye mizunguko michache, na waya mwembamba wenye mizunguko ipatayo mara mia zaidi, huviringishwa juu ya kiini kimoja cha chuma. Umeme wa betri hupitishwa katika ule mnene, na unapokatwa ghafla, nguvu ya sumaku iliyokuwa imejengeka huporomoka na kuzaa katika ule mwembamba volti elfu nyingi, ambazo huruka kwenye ncha ya plagi na kuwasha petroli iliyochanganyika na hewa. Ford Model T, iliyoanza kuundwa mwaka 1908, ilikuwa na koili nne katika visanduku vya mbao, kila silinda na yake. Kisha Charles Kettering wa Dayton, Marekani, karibu na mwaka 1910, akaleta mpango wa koili moja inayokatiwa umeme na pointi na kugawiwa cheche na distributa, na mpango huo ukatawala magari ya petroli kwa zaidi ya nusu karne.

Ndio mpango walioukuta vijana wa Tanganyika walioingia vikosi vya uchukuzi vya jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakarudi makwao wakijua kuendesha lori na kulifungua, na ndio waliouendeleza wanagenzi wao walioshika spana katika gereji za mjini, nyingi zikiwa za Wahindi, kabla ya kwenda kujitegemea vitongojini. Magari ya zama hizo, Land Rover, Volkswagen, Bedford na Peugeot 404, hii ya mwisho ikiwa imejipatia sifa kubwa kwa kushinda Safari Rally mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, yalikuwa na maradhi ya aina moja, na fundi aliyelijua moja aliyajua yote. Gari lilipomisi, alichomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine injini ikinguruma, akatega sikio. Silinda ambayo waya wake ukichomolewa mngurumo haubadiliki, hiyo ndiyo iliyokufa. Kisha aliusogeza ule waya karibu na bodi ya gari akatazama cheche: ya buluu yenye mlio mkali ilikuwa dalili ya uzima, na ya manjano iliyolegea dalili ya unyonge.

Ilipofika miaka ya 1970, na uagizaji wa magari ukawekwa chini ya shirika la umma la State Motor Corporation, bei ya mafuta ikapanda, na baadaye vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni zilizosalia, spea zikawa adimu kiasi kwamba elimu hii ndogo iligeuka kuwa mtaji. Mota ya kuwashia au jenereta ya gari iliweza kufumuliwa na kusukwa upya kwa waya wa shaba, na wapo waliokula kwa kazi hiyo. Lakini koili ya siku hizo, iliyojazwa mafuta na kufungwa ndani ya kopo la bati, haikufumulika. Kuihukumu kuwa imekufa, ilhali dukani hakuna nyingine, kulikuwa sawa na kuliweka gari juu ya mawe kwa miezi, na kwa hiyo fundi mwenye hadhari hakuthubutu kuitaja kabla hajasugua pointi kwa msasa na kuipima nafasi yake, hajabadilisha kondensa, hajakagua kifuniko cha distributa kama kina ufa, wala hajafuata waya mmoja mmoja kutafuta ulioliwa na kutu ya hewa ya bahari. Mara nyingi kosa lilipatikana huko, na koili ikaachiliwa huru. Naamini kwa dhati kwamba utaratibu huo wa kuondoa shaka moja baada ya moja ndio elimu bora kabisa ambayo gereji zetu zimepata kuwa nayo, na waliousimamia wengi wao hawakuwa na cheti.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa, na zaidi katika uongozi wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Magari yaliyotumika ya Japani, ambayo usukani wake uko kulia kama tutakavyo sisi, yakamiminika, mengine yakipitia Dubai, na pamoja nayo spea za mtumba zikajaa maduka ya Gerezani na Kariakoo. Haikuwa dhambi kufurahia neema hiyo. Lakini spea iliyo rahisi humfanya fundi kubahatisha, na ukaingia mtindo wa kubadili plagi, kisha nyaya, kisha koili, hadi gari lipone lenyewe au mwenye gari aishiwe. Mafunzo rasmi, yaliyowekwa chini ya mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, na ambayo kituo chake cha Chang'ombe kimo humo humo Temeke, yalifika wakati mtindo huo umekwisha kuota mizizi.

Ndipo yakaja magari ya tabo. Toyota Celica yenye tabo ilikuwa imekwisha kushinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, lakini watu wa kawaida walisubiri hadi Subaru Impreza na Forester, na Mark II chache zenye injini ya 1JZ-GTE ya silinda sita, zilipoanza kuonekana mitaani. Distributa haikuwamo tena. Koili zilikuwa zimerudi kuwa nyingi, na katika magari mengi kila silinda ikawa na yake juu ya plagi, kama zama za Model T.

Hapo kipimo cha kale kikamsaliti fundi. Tabo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe, na kadiri hewa inavyoshindiliwa ndani ya silinda ndivyo cheche inavyohitaji volti zaidi ili iruke. Koili iliyochoka hutoa cheche ya buluu ya kupendeza ikitazamwa nje hewani, huwezesha injini kunguruma kwa utulivu mbele ya gereji, halafu hushindwa pale dereva anapokanyaga mafuta na tabo kuanza kusukuma. Gari husitasita, taa ya injini humemeka, na petroli isiyoungua hukimbilia kwenye bomba la moshi na kuunguza kichujio chake. Wapo walioishtaki pampu ya mafuta, wapo walioifungua tabo nzima bila sababu. Fauka ya hayo, kuichomoa koili kwenye plagi injini ikinguruma, kama zilivyochomolewa nyaya zamani bila madhara makubwa, sasa kwaweza kuunguza saketi iliyomo ndani ya koili yenyewe, na kwa kuwa saketi hiyo imo, mita ya kupimia ukinzani wa waya aghalabu haimwambii fundi lolote la kutegemewa.

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ilisaidia, maana namba P0303 humwambia fundi kwamba silinda ya tatu ndiyo inayomisi. Ila haimwambii kama mkosaji ni koili, plagi, waya au nozeli ya petroli. Jibu limepatikana kwa utaratibu ule ule wa wazee: injini huzimwa, koili ya silinda ya tatu huhamishiwa ya kwanza, gari hupelekwa barabarani, tuseme Barabara ya Kilwa wakati haina foleni, likasukumwa kwa gia ya tatu kutoka mwendo mdogo hadi tabo ijae. Namba ikigeuka P0301, koili imekiri. Ikibaki P0303, koili haina hatia, na plagi ndiyo ifuatayo kuhojiwa. Kwa Subaru, ambayo silinda zake zimelala kwa ubavu na plagi zimebanana na fremu, zamu moja ya kuhamisha yaweza kula muda mrefu, na hapo ndipo vishawishi vya kubahatisha hurejea. Wakati wa masika kuna jambo la ziada, kwa kuwa maji yaliyoingia kwenye kisima cha plagi, au mafuta yanayovuja kutoka kifuniko cha valvu, hutoa dalili zile zile za koili mbovu hali koili ni nzima. Na kuna koili ambayo hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, hata gari likaonekana zima kila linapofikishwa kwa fundi.

Kwa ajili hiyo mafundi wenye uangalifu hujiwekea kabatini koili moja waliyoihakiki uzima wake, maana sokoni zimejaa zilizoigwa, zenye chapa nzuri na waya duni, na koili mpya isiyojulikana si kipimo cha chochote. Kazi hii ya kupima hula saa nzima au zaidi, na ni haki itozwe fedha hata kama hakuna spea iliyonunuliwa. Mwenye gari akikubali kulipia saa hiyo, mara nyingi huondoka akiwa amenunua koili moja badala ya nne.