Homa ya Papasi: Ugonjwa Uliopangwa kwa Mdudu Wake

Homa ya papasi huletwa na bakteria mwembamba aliyejisokota, Borrelia duttonii. Papasi ni kupe laini anayejificha mchana kwenye nyufa na vumbi la sakafu ya udongo, na usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala. Homa hupanda siku chache, hukatika, kisha hurudi, kwa kuwa kinga ya mwili inapowatambua bakteria hao, baadhi yao huwa wamekwisha kubadili protini za utando wao wa nje.

Mwaka 1857 David Livingstone aliandika juu ya maradhi yanayofuata kuumwa na papasi, lakini chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 1868, jijini Berlin, Otto Obermeier aliona viumbe waliojisokota katika damu ya wagonjwa wa homa nyingine inayorudirudi, iletwayo na chawa; alitangaza matokeo yake mwaka 1873.

Ushahidi wa Afrika ulikuja baadaye. Mwaka 1904 Philip Ross na Arthur Milne, wakiwa Uganda, waliwaona bakteria waliojisokota katika damu ya wagonjwa wa homa ya papasi. Huko Kongo, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd walithibitisha kwamba papasi ndiye mwambukizaji. Wote wawili waliugua, na Dutton akafariki Kasongo mwezi Februari 1905, akiwa na miaka 30. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliwakuta bakteria ndani ya mayai ya papasi: mama huwarithisha watoto wake.

Mwaka 1906 bakteria huyo alipewa jina la Dutton, na mwaka 1907 mtafiti Swellengrebel akaunda jenasi ya Borrelia, kwa heshima ya Mfaransa Amédée Borrel. Toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa liliziweka homa hizi chini ya A68: A68.0 ya chawa, A68.1 ya kupe. Ugonjwa wa Lyme, ingawa nao huenezwa na kupe, uliwekwa kwingine, A69.2.

Mwaka 2008 uchambuzi wa jenomu ulionyesha kwamba bakteria wa homa ya chawa, Borrelia recurrentis, ni tawi la duttonii lililopoteza sehemu ya jeni zake. Hadubini haiwatenganishi wawili hao. Kwa hiyo mganga anayeamua kati ya A68.0 na A68.1 hulazimika kuuliza mgonjwa alilala wapi, na kama ana chawa.