Usimulizi wa Visa katika Nyimbo za Kantri

Usanii wa kusimulia katika muziki wa kantri wa Marekani una asili yake katika nyimbo za visa za Uingereza, Uskoti na Ayalandi. Wahamiaji walifika nazo kwenye milima ya Appalachia katika karne ya 18, na wazao wao wakazipokezana kwa mdomo. Zilisimulia mauaji, usaliti wa mapenzi na ajali, tena kwa beti nyingi, kwa kuwa hakuna aliyempimia mwimbaji muda.

Santuri ndiyo iliyoleta kipimo. Upande mmoja wa sahani ulibeba takriban dakika tatu tu. Mwaka 1924 Vernon Dalhart alirekodi wimbo kuhusu treni ya posta iliyoanguka Danville, Virginia, mwaka 1903. Uliponunuliwa kwa wingi, kampuni za santuri zikatambua kwamba mikasa ina soko. Mwaka 1927, mjini Bristol, Ralph Peer aliirekodi kwa mara ya kwanza familia ya Carter. A. P. Carter alikuwa akikusanya nyimbo za wazee na kuzitengeneza upya ziingie katika sahani.

Ufinyu huo wa muda ulizaa ufundi. Mtunzi alianza kisa katikati ya tukio, akataja jambo moja au mawili yanayoonekana kwa macho, kisha akaficha la muhimu hadi ubeti wa mwisho. Alichagua pia kwa uangalifu nani asimulie. Katika "Long Black Veil" ya mwaka 1959, anayeimba ni marehemu aliyenyongwa kwa kosa ambalo si lake: alikubali kufa kuliko kukiri kwamba usiku wa mauaji alikuwa na mke wa rafiki yake. Mwaka huohuo Marty Robbins alivuka mpaka wa muda kwa "El Paso", wimbo wa zaidi ya dakika nne ulioongoza chati za kantri na za pop.

Tom T. Hall, mzaliwa wa Kentucky, alipewa lakabu ya Msimulizi. Katika "Harper Valley PTA", alioutunga yeye na ulioimbwa na Jeannie C. Riley mwaka 1968, mjane analaumiwa na kamati ya wazazi na walimu kwa mavazi na mwenendo wake. Anaingia mkutanoni na kuwaumbua wajumbe mmoja mmoja. Mwishoni ndipo inapobainika kwamba msimulizi ni binti yake.

Hata kisa cha kweli kilihitaji kupunguzwa. Loretta Lynn alipoandika maisha yake katika "Coal Miner's Daughter", uliotoka mwaka 1970, beti kadhaa ziliachwa. Bobby Braddock na Curly Putman nao waliandika upya mara kadhaa "He Stopped Loving Her Today", ambao George Jones aliutoa mwaka 1980. Jina la wimbo huo linadokeza mwanamume aliyeacha kumpenda mwanamke fulani. Beti zinaonyesha kwamba kilichomwachisha ni kifo.