Jinsi Taa ya Sola Ilivyoingia Katika Nyumba Zetu Ndogo za Pito



Habari za hisa, faini na mgawo wa kila mwaka mtazikuta katika kurasa za mweka hazina. Sisi tumeombwa kuandika historia, na tumeona tuandike ya mkopo mmoja tu, yaani mkopo wa sola, kwa sababu ndio uliotugombanisha kuliko yote, na ndio ambao mgeni akipita Pito usiku anauona kwa macho yake. Tukisema nyumba ndogo msicheke, hatuna maana ile ya mjini. Tunasema nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje, ya bati au ya nyasi, ambayo wengi wetu ndiyo tunayolala.

Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya sabini na themanini tulisomea kibatari. Kopo, utambi wa pamba, mafuta ya taa kidogo, basi. Asubuhi ukipenga kamasi linatoka na masizi. Chemli ilikuwa ya mwalimu, karabai ilikuwa ya harusi. Mafuta yalipoadimika, kama ile miaka ya mwanzo wa themanini ambapo hata sabuni ilikuwa ya foleni, tulikaa na moto wa mafiga na kulala mapema. Umeme ulikuwa Sumbawanga mjini, na huo nao kwa miaka mingi ulinunuliwa kutoka Zambia, maana mkoa wetu haukuwa umeungwa na gridi ya Taifa. Wazee wetu wa Ufipa walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, wakayeyusha chuma wenyewe bila kumwomba yeyote, lakini mambo ya taa sisi wajukuu tulibaki kuyangoja kutoka mbali.

Huko mbali kazi ilikuwa imekwisha anza. Mwaka 1954 wataalamu watatu wa maabara ya Bell huko Marekani walionyesha kipande kinachogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Mwanzoni vitu hivyo vilikuwa ghali mno, vikapelekwa angani kwenye setilaiti. Kwetu Afrika Mashariki habari kubwa ilitoka Meru, Kenya, ambapo mwaka 1984 Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga taa za sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, kisha wakafundisha mafundi wa hapo hapo. Walimu na wakulima wa kahawa walipoona madarasa yanawaka, nao wakataka majumbani kwao. Hili tunapenda kulisema mara kwa mara: sola ilienea Kenya kwa sababu mkulima alimwona jirani yake anayo, akauza kahawa, akanunua.

Hapa Tanzania mwaka 2005 serikali iliondoa ushuru wa forodha na kodi ya VAT kwa paneli na vifaa vyake. Lakini kilichotusukuma sisi akina mama zaidi ni mafuta ya taa. Katika bajeti ya 2011/12 ushuru wake ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, eti kukomesha wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli. Nia ilikuwa njema, hatubishi, ila aliyeumia ni mwenye kibatari. Kikundi chetu kilipoanza, kila nyumba ilikuwa bado inalia na bei hiyo.

Basi katika mwaka wetu wa tatu mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, akasimama kikaoni na kuomba mkopo wa sola. Kukawa kimya, kisha makelele. Mama mmoja mtu mzima, tunayemheshimu wote, akasema, "Mwanangu, mkopo wa mbolea unazaa magunia. Mkopo wa taa unazaa nini?" Wengi wakapiga makofi. Na kwa kweli sheria zetu wakati ule zilitaja biashara, kilimo, ada za shule na matibabu. Taa haikuwemo, ilihesabiwa anasa kama kochi.

Yule mjane hakubishana. Kikao kilichofuata alikuja na chupa ya maharage. Kila alipotuma mtoto dukani kununua mafuta ya taa alitia haragwe moja jeupe, na kila alipopeleka simu kuchajiwa alitia jekundu. Akamwaga mkekani mbele yetu tukahesabu wenyewe, hata wale wasiojua kuandika. Hela iliyokwisha kwa mwezi ilitosha marejesho ya mwezi ya mkopo aliokuwa anaomba, na chenji ikabaki. Yule mama mtu mzima akayaangalia maharage yale kwa muda, akasema, "Haya, mpeni." Tukaandika mkopo wa sola katika katiba, wa miezi kumi badala ya mitatu, ili uvuke mavuno.

Watano walichukua mwaka ule, na hapo ndipo tulipokaribia kuvunjika. Mmoja wao alinunua kwenye duka moja mjini paneli iliyoandikwa wati 100. Taa ikawaka saa moja, ikazima. Alibadilisha betri, bado. Fundi alipokuja kupima na mita akakuta paneli haitoi hata nusu ya kilichoandikwa. Dukani hakuna aliyemsikiliza, risiti hakupewa. Akasema hatarejesha hata senti, maana hajapata taa. Wengine wakasema akitoka bila kulipa nao watatoka. Tulikaa vikao vitatu, kimoja mpaka giza, tena kwa kibatari! Mwisho tukakubaliana alipe nusu kwa polepole, na nusu ibebwe na mfuko wa jamii, kwa kuwa mkopo tuliupitisha wote. Alilipa. Mpaka leo ni mwanachama, na ndiye anayefuatana na kila mnunuzi kwenda dukani, na hapo hakuna muuzaji anayemdanganya.

Tangu hapo hatuanzi na bei, tunaanza na hesabu ya nyumba. Taa nne za wati 3 zikiwaka saa tano ni uniti ndogo 60, ambazo mafundi wanaziita wati-saa. Redio na simu mbili tuseme 30. Jumla 90 kwa usiku mmoja. Paneli ya wati 30 jua likiwa zuri inaleta kiasi hicho kwa shida, kwa hiyo tunanunua ya wati 50, maana kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu ya Ufipa mnayajua. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 inabeba 240, lakini haifai kuitumia yote. Ukiikamua kila siku mpaka mwisho inakufa upesi. Nusu yake, 120, inatutosha. Ndiyo maana betri ya gari iliyochoka haifai, hata ukipewa bure. Ile imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja, siyo kuangaza usiku kucha.

Kufunga nako kuna akili yake. Sisi tuko kusini ya ikweta kama nyuzi 8, hivyo paneli inatazama kaskazini, upande wa Mpanda, imelala kidogo ili mvua iioshe. Kivuli cha mkaratusi hata kikigusa pembe tu kinaipunguza nguvu. Nyumba ya nyasi, paneli inasimama kwenye nguzo yake pembeni. Na jambo lililotufurahisha: baridi yetu ya Juni na Julai inayotutesa viungo, paneli inaipenda, kwa sababu ikipata joto kali hutoa umeme pungufu. Vumbi la kiangazi lifutwe asubuhi kwa kitambaa chenye maji.

Wako wenzetu waliochukua sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu, mpango ulioanza kushika kasi Kenya mwaka 2012 na kampuni ya M-KOPA, halafu na kwetu ukaja. Hatuwalaumu. Asiye na akiba huo ndio mlango wake. Ila usipolipa mtambo unajifunga, giza linarudi, wakati mkopo wa kikundi ukichelewa unatozwa faini lakini taa inawaka, na riba inabaki sandukuni mwetu.

Wengine waliuliza, je, fundi mwanamke atatoka wapi? Tukawaambia habari za wanawake wa Lindi na Mtwara waliopelekwa Tilonia, India, kwenye chuo cha Barefoot, wakajifunza miezi sita kuunganisha mitambo ya sola kwa kufuata rangi za vipuri, wengi wao bila elimu kubwa. Chuo kama hicho kipo pia Kinyasini, Unguja. Sisi hatujafika huko. Lakini wanachama wawili, wa darasa la saba kama sisi, walishinda na fundi wa mjini kila alipokuja kufunga, na sasa wanabadilisha kontrola na kupima betri wenyewe. Wanalipwa na mwenye nyumba, siyo bure, tulikataa mambo ya bure.

Nguzo za TANESCO nazo zimesogea kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza mwaka 2007, na baadhi yetu tumevuta. Hata hivyo hakuna aliyeshusha paneli. Umeme ukikatika, nyumba zenye taa ni zile zile za mkopo wa mwaka wa tatu na waliofuata.

Yule mjane alimaliza deni mwezi wa tisa. Betri yake ya kwanza imekwisha kufa, na za wenzake zinafuata, kwa hiyo kikao cha mwezi ujao tutajadili mfuko wa betri, kila mwenye sola kuweka kidogo kila wiki. Mama mtu mzima ameshasema anataka kuona maharage kwanza.