Nani Huchagua Hadithi? Miswada ya Filamu mjini Bujumbura tangu 1992

Filamu ndefu ya kwanza ya kubuni kuongozwa na Mrundi ni Gito l'ingrat (1992) ya Léonce Ngabo, ambaye ni mwanamuziki pia. Hadithi aliyoichagua haikuwa ya vita wala njaa. Gito, msomi aliyehitimu Paris, anarejea Bujumbura akitarajia uwaziri, na hata kazi ya kawaida anaikosa. Mpenzi wake Mfaransa anamfuata, mchumba wake wa zamani naye yupo, na wanawake hao wawili wanapatana kumtia adabu. Ni kichekesho kinachomlenga mtu ambaye mji ulimfahamu vyema: msomi aliyeona cheti ni cheo. Mtayarishaji, Jacques Sandoz, alikuwa Mswisi. Kicheko kilibaki cha Bujumbura.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vikafuata. Katika miaka hiyo hadithi zilipata makao redioni zaidi kuliko kwenye filamu. Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground, ilitayarisha mchezo wa Umubanyi niwe muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu majirani Wahutu na Watutsi. Lengo la upatanisho lilikuwa limekwisha kuwekwa. Kazi ya mwandishi ilikuwa kulivika nyama na damu. Ni kosa, basi, kudai kwamba mada ya mfadhili lazima iue sanaa. Tatizo huanza pale mada hiyo inapokuwa mlango pekee.

Mwaka 2010 unaonyesha jambo hilo vizuri. Mbelgiji Ivan Goldschmidt alitoa filamu fupi Na Wewe, jina ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa: basi linasimamishwa na waasi mwaka 1994, abiria wanatakiwa kujitenga kwa ukabila, na majibu yao yanauvuruga utengano huo. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2011. Mwaka huohuo wa 2010, Eddy Munyaneza alitoa filamu ya hali halisi Histoire d'une haine manquée, kuhusu watu waliowaokoa majirani zao. Zote mbili ni kazi za heshima. Lakini mwongozaji wa Ulaya akimaliza filamu kama hiyo hugeukia hadithi nyingine bila kuulizwa. Mrundi hubaki akitarajiwa kuwa shahidi wa vita vya kwao.

Utaratibu wa ufadhili huzidisha tofauti hiyo. Mifuko kama Fonds Sud ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1984, ilisoma miswada kwa Kifaransa na kuamua mbali na watazamaji. Hivyo mwandishi wa Bujumbura hujichuja kabla ya kuchujwa, akiacha mezani kichekesho anachokipenda na kupeleka mswada wa kovu. Ngabo alipoanzisha tamasha la FESTICAB mwaka 2009, aliipa filamu hadhira ya nyumbani, ila tamasha huchagua kazi zilizokwisha kutengenezwa. Mgogoro wa 2015, uliowapeleka uhamishoni wanahabari na wasanii wengi, uliusogeza uamuzi mbali zaidi.

Washauri wa sera wanaofikiria mfuko wa taifa wangeanza na hatua ya uandishi, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko ya upigaji picha: jopo la wasomaji lililoko Bujumbura, linalopokea miswada kwa Kirundi na pia kwa Kiswahili cha Buyenzi, bila kutangaza mada.