Watoto wa Penn Cove

Tarehe 8 Agosti 1970, boti za kasi na ndege ndogo ziliwasukuma orka zaidi ya 80 ndani ya hori la Penn Cove, jimbo la Washington, Marekani. Baruti zilirushwa majini kuwatisha. Orka huitwa nyangumi wauaji, ingawa kwa ukoo ni pomboo. Siku ile hawakuua mtu.

Wakamataji walitaka watoto, maana ndio wanaosafirishika. Saba waliuzwa kwa matangi ya maonyesho. Watano walikufa maji nyavuni, wanne kati yao watoto. Hao walipasuliwa matumbo, wakajazwa mawe na kuzamishwa. Baadaye mizoga mingine ilionekana. Kila nikisoma historia hii hukwama hapo. Kukamata orka hakukuwa kosa kisheria, lakini aliyejaza mawe yale alijua analoficha.

Hapo kabla hakuna aliyewahesabu. Watu walidhani ni maelfu. Mwaka 1971 mwanasayansi Michael Bigg wa Kanada aliwaomba wavuvi na walinzi wa minara ya taa waandike kila orka watakayemwona siku moja. Kisha picha za mapezi ya mgongoni zikawezesha kumtambua kila mmoja. Kundi hili la kusini, sensa ya 1976 ililikuta na kama 70 tu. Mwaka huohuo Ralph Munro, msaidizi wa gavana, akiwa kwenye mashua yake, alishuhudia ukamataji mwingine karibu na Olympia. Jimbo likaenda mahakamani, na biashara hiyo ikakoma Washington.

Walifika 98 mwaka 1995, kisha wakapungua; mwaka 2005 Marekani ikawatangaza kuwa hatarini kutoweka. Sababu zinazotajwa ni uhaba wa samaki aina ya samoni, sumu na kelele za meli. Mimi naongeza hesabu ya 1970. Samoni wakiadimika, majike wazee ndio huongoza msafara wa kutafuta chakula. Mabinti walioibwa wangekuwa bibi leo.

Mmoja wao, Tokitae, aliishi tangini Miami zaidi ya miaka 50. Alikufa Agosti 2023, mipango ya kumrudisha ikiendelea. Walummi, wenyeji wa pwani ile wanaowahesabu orka kuwa jamaa zao, waliyamwaga majivu yake katika bahari alikotoka. Jamaa zake waliobaki humo hawafiki 80.